Jiwe Lililonipitisha

Wiki chache zilizopita mtoto wa shangazi yangu aliweka picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Amevaa miwani myeusi, amesimama kiubavu katikati ya mawe mawili makubwa, kifua kimegusa jiwe moja na mgongo umegusa la pili, na mkono mmoja ameuinua juu kuonyesha dole gumba. Chini aliandika: "Nimepita! Waongo mtabanwa." Watu wakamwaga vicheko. Shangazi akaandika, "Mashallah mwanangu." Mmoja akauliza kama kuna njia ya gari siku hizi mpaka pale, akajibiwa kwamba hata bodaboda zinafika.

Baada ya kama robo saa niliona katikati ya skrini yale maneno madogo ya kuarifu kwamba baba yangu amejiondoa kwenye kundi. Wakadhani amebonyeza vibaya, mzee na simu yake, wakamrudisha. Akajiondoa tena.

Niliilaza simu kifudifudi mezani, nikabaki nimeshika kingo za meza. Nilikuwa nimepitisha miaka mingi bila kuyaona yale mawe, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sitayaona tena.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Sisi tulikaa Kilosa mjini, mtaa wa Magomeni, ambako baba alikuwa na kibanda cha kuuza vipuri vya baiskeli. Kila shule zikifungwa alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake, mto umekunjwa chini yangu nisiumie, akanipeleka Masanze kwa babu na bibi. Mlio rika langu mnajua likizo za namna hiyo zilivyokuwa: kuamka na umande miguuni, kula muwa mpaka midomo inauma, na mchezo wetu ule wa kupikapika kwa vifuu na vikopo vya maziwa, tukichemsha mchanga tukauita wali.

Nyuma ya jiko la kule kulikuwa na kihenge, ghala la fito na udongo lililoezekwa nyasi, limesimama juu ya miguu minne ya mti. Mavuno yote ya babu yalikuwa mle, pamoja na mahindi ya mbegu ambayo bibi aliyafunga kwa maganda na kuyaning'iniza ndani, na hakuruhusu mtu mwingine ayaguse.

Kwenye mji ule wa babu aliishi pia baba mdogo na mkewe. Huyu mke nilimwita mama mdogo, ila wakubwa walipomsema wakati hayupo walimwita yule Msukuma. Kwao walikuwa wafugaji waliotoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao wakahamia mbugani, na baba mdogo alikutana naye mnadani. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alibadili dini ili aolewe. Akajifunza kupika ugali wa kwetu na mboga za kwetu, na akipiga magoti kumwamkia babu aligusa chini kabisa, kama wanavyofanya kwao. Babu alipenda hilo. Lakini miaka mitano ilikuwa imepita na hakuwa amezaa, na pale nyumbani neno hilo lilitembea kila siku, likisemwa hata na wasiotaka kulisema.

Siku moja alikuwa akichota mahindi ya kutwanga, na shangazi, aliyekuwa amekuja kumwona bibi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Unajaza ungo wote huo utafikiri una watoto wa kulisha."

Mama mdogo aliuweka ungo chini taratibu. Akasema, "Basi hicho kihenge chenu kilindeni wenyewe." Akaenda zake chumbani.

Siku mbili baadaye kihenge kiliwaka.

Nitasema jinsi kilivyowaka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali, upepo wa kiangazi unapeperusha vumbi uani. Watu wamelala. Mama mdogo alikuwa amekwenda kisimani. Mimi nilikuwa nimechoka kupika wali wa mchanga usioiva, nikataka moto wa kweli. Nikaingia jikoni kwake, nikachukua kaa moja jekundu kwa kigae cha chungu. Nikatembea nalo taratibu mpaka chini ya kihenge, palipokuwa na kivuli. Kwenye njia nilidondosha vipande viwili vitatu vidogo. Nikakoleza kwa nyasi. Kidole changu cha shahada kikagusa kaa, nikapiga ukelele mdogo nikatupa kigae, na upepo ukafanya yaliyobaki.

Mnaojua nyasi kavu hamhitaji kusimuliwa. Nilikimbilia nyuma ya choo nikachuchumaa. Nilisikia mahindi yakipasuka, kwanza moja moja, halafu mengi pamoja, na harufu yake ilikuwa nzuri, harufu ya bisi, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kelele. Nilisikia bibi akiita, "Mbegu! Mbegu zangu!" Aliingiza mikono mle kuzivuta. Paa likamwangukia mikononi.

Jioni ile, bibi akiwa amepelekwa hospitali kwa baiskeli ya kukokotwa na watu wote wakiwa wamemfuata, mama mdogo alinikuta pale pale nyuma ya choo. Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono, akakiona kidole kilivyovimba malengelenge, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda ndani, akaja na dawa ya meno, akakipaka, akakifunga kwa kipande cha kanga. Alijua. Wakati ule sikuelewa kwamba amejua. Nilielewa tu kwamba maumivu yamepungua.

Bibi alirudi na mikono iliyofungwa mpaka viwiko. Vidole vyake vilipona vikiwa vimeshikana, na mpaka tulipomzika hakuwahi tena kusuka ukili wa mikeka yake.

Kwa wiki tatu hakuna aliyetamka jina la mtu. Walisema tu kwamba moto umetoka jikoni, kwamba makaa yameonekana njiani, kwamba kuna mtu alisema maneno na maneno hayo yalisikiwa. Mama mdogo alipika, akachota maji, akamlisha bibi kwa kijiko. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemsemesha pia. Mimi nilikula na kucheza, na kila aliposogea karibu niliweka mkono nyuma.

Ijumaa moja baba alifika kutoka mjini, na babu akawakusanya barazani.

"Tutakwenda kwenye jiwe," babu alisema. "Babu yangu alikwenda, na baba yangu alikwenda. Waliokuwepo siku ile wote watapita, isipokuwa mama yenu na vidonda vyake."

"Mzee," baba akasema, "haya mambo ya mawe... Si tulipeleke shauri kwa mwenyekiti wa kijiji?"

"Mwenyekiti alikuwepo moto ukiwaka?"

"Hakuwepo. Lakini hata dini yetu, mzee, hairuhusu."

"Ya msikitini nitayaongea msikitini. Haya ni ya mji wangu." Babu alisimama. "Na wewe utapita."

"Mimi sikuwepo hata Masanze!"

"Utapita. Wasije wakasema niliwachagulia."

Mimi niliambiwa kwa namna nyingine. Shangazi alinipaka mafuta, akanivalisha gauni langu la Idi, akasema, "Tunakwenda kutembea. Utaona jiwe kubwa kuliko nyumba, na tukipita Mikumi pengine utaona na tembo." Nilifurahi nikarukaruka. Nilidhani ni zawadi, na sikujiuliza ni ya nini.

Babu alikuwa amekodi Landrover, zile mia na tisa mnazozikumbuka, mabenchi mawili yametazamana nyuma na turubai juu. Babu alikaa mbele na dereva. Nyuma tulikaa mimi na baba na shangazi upande mmoja, na upande wa pili baba mdogo na mkewe. Magoti yao yaligusana na yetu. Vumbi liliingia kwa nyuma likatupaka sote rangi moja. Mama mdogo alikuwa amejifunika kanga mpaka kifuani, mikono imekunjwa tumboni, akitazama barabara tunayoiacha.

Tulipoipita Zombo nilianza kuuliza kuhusu jiwe. Lina urefu gani? Mtu anaweza kulipanda?

"Hapandi mtu," shangazi akasema. "Ni mawe mawili, na katikati kuna njia nyembamba. Unaingia upande wa jua linapochomoza, unatokea linapozama. Ukiwa katikati unasema jina lako, halafu unasema: kama ni mimi, nibane."

"Halafu?"

"Mkweli anapita. Mwongo jiwe linambana."

"Linambana vipi?"

"Linajisogeza." Alibananisha viganja vyake viwili mbele ya uso wangu. "Hivyo."

Baba akasema, "Dada, mwache mtoto."

Sikuuliza tena. Tangu hapo sikumbuki kitu cha njiani isipokuwa bati la sakafu lililokuwa na tundu, na barabara ikikimbia chini ya lile tundu. Nilikuwa nikihesabu: jiwe liko mbali, bado hatujafika. Kila gari lilipopunguza mwendo nilishindilia kidole changu kwenye kiganja mpaka kikauma. Kilikuwa kimebaki na kovu jipya, jekundu, linang'aa.

Mikumi tulisimama kunywa chai na chapati kwenye mgahawa wa pembeni mwa barabara kuu. Malori yalipita yakitikisa vikombe. Tembo hawakuonekana, na mimi sikuwatafuta. Mama mdogo alikata kipande kimoja cha chapati, akakitia mdomoni, akasimama ghafla na kwenda nyuma ya gari. Tulimsikia akitapika.

"Mmesikia?" shangazi akasema. "Hata kabla ya kufika."

Baba mdogo aliinama akatazama chai yake. Mimi nilimtazama shangazi, nikatazama lile gari, na kwa mara ya kwanza wazo lile likanijia: labda na yeye alifanya. Labda tulifanya wawili.

Kutoka pale tulishika barabara kuu kuelekea milimani, tukapanda na kushuka, na upande wa pili nchi ikabadilika. Kijani kiliisha. Udongo ukawa wa kijivu na mwekundu, miti ya miiba isiyo na majani, mito ya mchanga mtupu. Nilikuwa nimezoea bonde letu la mpunga na miwa. Sikujua kwamba mwendo wa saa chache tu kutoka nyumbani nchi inaweza kukauka namna ile. Tuliacha lami, tukafuata njia ya ng'ombe, na kwa mbali nikayaona.

Yalisimama peke yake kwenye uwanda. Hapakuwa na kilima jirani wala jiwe jingine lolote, utadhani yaliletwa. Mawe mawili marefu yasiyo na mche hata mmoja juu yake, yameinamiana, na juu kabisa pale yalipokaribia kukutana jiwe la tatu, la mviringo, limenasa. Lile la tatu ndilo nililolitazama. Lilikaa kwa pembe ambayo macho yangu yalikataa. Kila nilipopepesa niliona limeteremka kidogo.

Mwenyeji wa pale alitoka kwenye kibanda cha miiba. Nilikuwa nimetegemea mtu wa kutisha, lakini alikuwa mtu wa makamo aliyevaa jezi ya mpira iliyopauka na viatu vya mvua, redio ndogo imening'inia shingoni. Aliamkiana na babu kwa heshima, akasikiliza shauri lote akiwa ameegemea fimbo. Redio aliipunguza sauti, lakini hakuizima. Ilikuwa saa ya salamu za wasikilizaji, na muda wote ule mtangazaji aliendelea kusoma majina ya watu na wanaowasalimu.

"Anatangulia mwenye mji," mwenyeji akasema.

Babu alivua kofia na viatu, akaingia. Tulisikia sauti yake mle ndani imekuwa ya mtu mwingine, nzito, inarudi mara mbili. Akatokea upande wa pili. Akafuata baba mdogo. Akafuata baba, aliyepita haraka na uso umekunjamana, hakusema maneno yote. Shangazi alikuwa mnene, na katikati alinasa. Tulimsikia akihema, akisema "Yarabi, Yarabi," na mtu hakusogea. Kisha tukasikia nguo ikichanika, akatokea upande wa pili bega linatoka damu, akicheka kicheko cha hasira.

"Sasa mtoto," alisema, akijifuta.

Mwenyeji akatikisa kichwa. "Mtoto hana neno. Aachwe."

"Alikuwepo," shangazi akasema. "Mzee alisema waliokuwepo wote."

Babu akanyoosha mkono akaniita kwa jina alilozoea kunitania. "Njoo, mke wangu. Usiogope, pita tu."

Niligeuka kumtafuta baba. Badala yake nilikutana na macho ya mama mdogo. Alikuwa amesimama pembeni, kivuli cha jiwe kimemkata kiunoni, na alinitazama bila hasira wala huruma. Alinitazama tu, akanisubiri. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ndefu. Mtangazaji alisoma majina ya familia nzima. Ningefungua mdomo tu. Lakini mimi nilikuwa nikifikiria lile jiwe la juu, na niliona kwamba nikisema nitabanwa na nisiposema nitabanwa, na kwamba tofauti ni moja, kwamba nikisema babu atasikia.

Nikaingia.

Mle ndani palikuwa na baridi ya ajabu, na harufu ya popo. Kuta zilikuwa laini, zimesuguliwa na miili ya watu tangu zamani, na kwenye ukuta mmoja, usawa wa bega la mtu mzima, palikuwa na unyevu wa damu ya shangazi. Nilitembea nimekunja mikono. Nilipofika katikati nilisema jina langu. Nikasema, "Kama." Sauti ikanirudia: kama, kama. Sikuweza kumaliza. Nikakimbia.

Jua lilinipiga usoni. Babu alinidaka akaninyanyua juu, akacheka, "Mke wangu kapita kama sungura!" Wote wakacheka, hata mwenyeji. Nilijishika mbavu. Nilikuwa mzima.

Watu wazima wenzangu, naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo penye jambo lenyewe. Sikufikiri kwamba nimelidanganya jiwe. Mtoto wa miaka minane hajui kwamba jiwe hudanganyika. Nilifikiri hivi: jiwe linajua, na jiwe limenipitisha, basi si mimi. Nilikumbuka kaa na kigae na upepo, nikaanza kuvitilia shaka. Labda nilikuwa nimeota. Labda moto ulikuwa umekwisha kuwaka nilipofika. Kufikia mwisho wa siku ile nilikuwa naamini, na kufikia mwisho wa likizo nilikuwa nimesahau. Sisemi nilijifanya. Nilisahau.

"Bado mmoja," babu akasema.

Mama mdogo hakusogea. "Sipiti, baba."

"Unasemaje?"

"Sipiti."

Baba mdogo akamwendea. "Pita tu, mke wangu. Mbona sisi tumepita? Pita yaishe turudi nyumbani."

"Sipiti." Alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni juu ya kanga. "Nifanyeni mnavyotaka. Pale siingii."

"Sababu?" shangazi akauliza. "Toa sababu basi."

Hakutoa. Mwenyeji alitazama mchanga, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi, "Sisi hatulazimishi mtu. Anayekataa amejibu." Kisha akaiongeza sauti redio yake.

Tulipofika Mikumi tukirudi, babu alimgusa dereva bega, akaegesha pale magari ya abiria yanaposimama. Babu hakugeuka nyuma. Alisema akitazama mbele, "Mwanangu, mkeo ana ndugu zake. Awafuate."

Nilimtazama baba mdogo. Nilidhani atashuka naye. Alifunika uso kwa mikono miwili, akabaki amekaa.

Mama mdogo alishuka peke yake, bila mzigo, na vumbi la safari nzima kichwani. Akazunguka mpaka upande niliokaa mimi, akaingiza mkono chini ya turubai, akaushika mkono wangu, akaugeuza.

"Kidole kimepona?" aliuliza.

"Kimepona," nikasema.

Akanyanyua macho akamtazama baba. Aliachia mkono wangu akaondoka, akavuka barabara kati ya malori.

"Kidole gani?" shangazi akauliza.

Baba alikuwa ameushika mkono wangu sasa. Alilitazama lile kovu. Akalifunika kwa kidole gumba chake.

"Alijikwaa," baba alisema. "Twende, dereva."

Kumbukumbu ilinirudia nikiwa sekondari, bweni. Jumapili moja msichana mwenzangu alipita ukumbini amebeba makaa kwenye kifuniko cha sufuria, anakwenda kuyatia kwenye pasi. Akanionya nisogee. Nikaona lile kaa jekundu linavyopumua kwa upepo, na yote yakarudi kwa mpigo, mpaka sauti ya mahindi. Nilikwenda kulala nikiwa na sare ya shule na viatu. Likizo ilipofika nilimwambia baba. Alikuwa akikaza spoki za gurudumu kibandani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema bila kuinua kichwa, "Usimwambie babu yako." Tukaishi hivyo, mimi na yeye, zaidi ya miaka ishirini. Baba mdogo alioa mwingine akapata watoto wanne. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikawafundisha wanangu kusema kweli.

Siku ile baba alipojiondoa kwenye kundi nilimpigia.

"Umeiona picha," nikasema.

"Nimeiona." Akanitajia kijiji, ng'ambo ya pili ya mbuga, na jina la ukoo wa kuulizia. Alikuwa anajua alipo mama mdogo miaka yote. "Nenda kabla hatujafa wote," akasema.

Nilikwenda kwa bodaboda kutoka Kilosa. Nilimkuta akipepeta mtama, mzee sasa, mabega bado mapana. Nilimpigia magoti. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Alinitazama, na hata sekunde chache hazikupita akanijua. Akageuka akaita ndani, "We binti, mletee dada yako kiti."

Akatoka msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, amebeba kigoda. Aliniamkia. Lile paji la uso lilikuwa la babu, na yale masikio ya baba mdogo. Mama mdogo aliona ninavyomtazama.

"Alikuwa tumboni," alisema, binti alipokwenda kuleta maziwa. "Mimba tatu zilikuwa zimeshatoka kabla yake. Nisingempitisha kwenye ule mbano."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Wangesema natafuta kisingizio. Na huyu naye angetoka, wangesema ni jiwe."

Nilimwambia nililokwenda kusema. Nilikuwa nimelipanga njia nzima, likatoka ovyo, na machozi. Nilitegemea anisamehe au anifukuze. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Nilijua siku ile ile. Umepoteza nauli yako kuja kumwambia anayejua." Akaendelea kupepeta. "Wasiojua wako Masanze."

Nilipoaga alinisindikiza mpaka barabarani. "Huyu binti usiwapelekee habari zake," akasema. "Lako wapelekee. Yeye mwache."

Nilikwenda Masanze Ijumaa iliyofuata. Babu ana miaka inayokaribia mia, macho yamepungua lakini masikio yapo. Walikuwa wamerudi kutoka msikitini, na sinia ya pilau ilikuwa imeletwa barazani. Shangazi alikuwepo na majirani wawili. Niliketi mkekani, na kabla mtu hajanawa nikasema.

"Babu, kihenge nilikichoma mimi. Nilichukua kaa jikoni kwa mama mdogo. Nilikuwa nacheza. Yeye hakufanya kitu."

Babu aligeuzia uso wake upande nilipokaa.

"Wewe?" alisema. "Mke wangu, wewe jiwe lilikupitisha. Nilikuona kwa macho yangu."

"Lilinipitisha, babu, lakini ni mimi."

"Na yeye alikataa kupita."

"Babu, nakwambia nilishika kaa kwa mkono huu." Nilimshikisha kidole. Alikipapasa, akakiachia, akatabasamu.

"Mnaona?" aliwaambia majirani. "Bibi yake alikuwa hivi hivi. Anamhurumia mwenzake mpaka anataka kumbebea mzigo."

Nilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Jirani mmoja akasema, "Allah amzidishie moyo huo." Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika lile bega lake, na kwa kitambo kidogo nilifikiri kwamba yeye atasema neno. Alivuta sinia. Akachagua mnofu mkubwa kuliko yote, akausogeza upande wangu.

"Kula, mwanangu," alisema. "Umetoka mbali."

Wote walikuwa wakinisubiri nianze. Nikanawa, nikala.